Nilipoacha Kuamuru, Nikaanza Kutangaza

Nilikuwa mtu wa kuamuru. Katika kila programu niliyoandika kwa JavaScript, kipande kimoja kilikijua kingine kwa jina na kukipa amri: chapa risiti, punguza stoo, andika deni, tuma ujumbe. Niliona huo ndio uandishi nadhifu. Ukifungua faili unasoma kuanzia juu hadi chini, unaona kila jambo kwa zamu yake, na hakuna linalofanyika kwa kificho. Leo naandika kwa namna nyingine, na hata mazungumzo yangu na wateja yamebadilika. Sababu yake ni jambo ambalo waandishi wengi wa programu tunalo mkononi kila siku bila kulitazama vizuri, yaani matukio. Sisemei yale ya kubofya na kuandika yanayokuja na kivinjari. Nasemea yale unayoyabuni mwenyewe, ukayapa jina, ukayatangaza, kisha ukawaachia wengine wajiandikishe kuyasikiliza.

Mabadiliko hayo yalinikuta kwenye mfumo wa mauzo wa duka la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza. Ni duka la saruji, nondo, mabati, misumari na rangi. Wateja wake ni wa aina mbili: wapita njia wanaolipa taslimu, na mafundi wenye akaunti ya mkopo ambao hulipa baada ya mwenye nyumba kuwalipa wao. Ukurasa wa keshia ulifunguka kwenye kivinjari, na kiini cha ukurasa huo kilikuwa fanksheni moja niliyoiita kamilishaMauzo.

Mwanzoni ilikuwa fupi. Ilihifadhi mauzo kwenye hifadhidata na kuagiza risiti ichapwe, basi. Kisha mama mwenye duka akataka stoo ipungue yenyewe, nikaifungua, nikaongeza. Akataka deni la fundi lipande palepale, nikaifungua, nikaongeza. Akataka jumla ya siku ionekane juu ya ukurasa, halafu fundi atumiwe SMS ya salio lake, halafu saruji ikikaribia kuisha keshia aone onyo jekundu. Kila ombi lilikuwa la haki, na kila ombi lilinirudisha mahali palepale. Fanksheni ya kuuza ikaishia kujua habari za stoo, za madeni, za ujumbe wa simu, na hata rangi ya maandishi kwenye ukurasa. Ilifanya kazi, tena vizuri. Ila hapakuwa na mtu mwingine aliyethubutu kuigusa, na mimi mwenyewe kila nilipoigusa ilinibidi nijaribu upya mambo yote, hata yale ambayo ombi jipya halikuyahusu hata chembe.

Aliyenifungua macho ni kaka mmoja aliyenitangulia kwenye kazi hii. Alipita kunisalimia, akavuta kiti, akausoma msimbo wangu hadi mwisho bila kusema neno. Kisha akaniuliza:

"Mdogo wangu, hiki kitufe cha kuuza kinajua nini kuhusu stoo?"

"Hakijui kitu, kaka. Kinabofywa tu."

"Na kinajua ni nani anayekisikiliza?"

"Hapana."

"Basi kitufe kina adabu kuliko mauzo yako. Chenyewe kinasema yaliyokipata, kinanyamaza. Mauzo yako yanasema, yanaamuru, halafu yanasimamia kazi za wengine."

Nilicheka, lakini maneno yale hayakuniacha. Ni kweli kwamba kila siku nilikuwa naandika addEventListener kwa ajili ya kitufe, sehemu ya kuandikia, fomu. Lugha yenyewe ilizaliwa kwa kazi hiyo: Brendan Eich alipoitengeneza pale Netscape mwaka 1995, lengo lilikuwa ukurasa uweze kumjibu mtu anayeutumia. Mwezi Novemba mwaka 2000 shirika la W3C likapitisha kiwango cha DOM Level 2 Events, ambacho kiliweka addEventListener tunayoijua, na pamoja nayo kikampa mwandishi wa programu ruhusa ya kuunda tukio na kulirusha mwenyewe. Internet Explorer iliendelea na njia yake ya attachEvent hadi toleo la 9, mwaka 2011, lilipoikubali ile ya kiwango. Kabla ya hapo wengi walipitia jQuery ya John Resig, iliyotoka mwaka 2006, ambayo iliwaruhusu kurusha matukio yenye majina yoyote waliyoyataka. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi muda mrefu. Mimi niliuona kama mlango wa kivinjari, wa kuniletea habari za kidole cha mtumiaji. Sikuwa nimefikiri kwamba mauzo nayo ni jambo linaloweza kutokea, sawa na kubofya.

Namna yake ni rahisi kuliko nilivyodhani. Upande unaotangaza unaandika hivi:

const tukio = new CustomEvent("mauzo:yamekamilika", {
  detail: { namba: 4127, jumla: 86000, bidhaa: orodha }
});
document.dispatchEvent(tukio);

Upande unaosikiliza, ambao unaweza kuwa kwenye faili jingine kabisa, unaandika hivi:

document.addEventListener("mauzo:yamekamilika", (t) => {
  punguzaStoo(t.detail.bidhaa);
});

Jina la tukio ni maandishi unayoyachagua mwenyewe. Kile unachotaka wasikilizaji wakijue unakiweka ndani ya detail: namba ya mauzo, jumla ya pesa, orodha ya bidhaa, hata kitu kizima chenye vipengele vyake. Na si lazima tukio lirushwe kwenye ukurasa. Vivinjari vya sasa vinakuruhusu kuandika new EventTarget() na kupata kitu kisichoonekana popote, ambacho kazi yake ni kutangaza na kusikilizwa tu. Mimi huunda kimoja kwa kila eneo la duka: kimoja cha mauzo, kimoja cha stoo, kimoja cha madeni.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mpiga mbiu hapiti nyumba kwa nyumba akigawa kazi. Hupuliza, na kila anayehusika anajua la kufanya. Hata asipotokea mtu, mbiu imepigwa na mpigaji ametimiza wajibu wake. Nilipoielewa programu kwa namna hiyo, nilianza kuichambua kamilishaMauzo. Ikabaki na mambo matatu tu: kuhifadhi mauzo, kupata risiti, kutangaza kwamba mauzo yamekamilika. Stoo ikahamia faili lake, madeni faili lake, jumla ya siku faili lake, SMS faili lake, na kila moja likajiandikisha lenyewe.

Tofauti kubwa sikuiona kwenye msimbo. Niliiona kwa watu. Tulikuwa na kijana wa chuo aliyekuja kwetu kwa field. Zamani ningempa kazi za pembeni: kupanga rangi, kusahihisha maandishi, kuandika maelezo ya matumizi. Safari hii mama mwenye duka alikuwa ameanzisha huduma ya kupeleka mizigo kwa gari, na alitaka dereva apate orodha ya mauzo yanayosubiri kupelekwa. Nikamwonyesha kijana jina la tukio na yaliyomo ndani ya detail, nikamwambia, "Anza hapo." Aliunda faili lake, akajisajili, akachuja mauzo yenye anwani ya kupelekwa, akaandaa orodha. Hakuifungua kamilishaMauzo hata mara moja. Mauzo hayakujua kwamba kuna gari.

Baadaye ile huduma ya gari ilisimamishwa kwa sababu za kibiashara. Zamani kuondoa kitu kulikuwa kugumu kuliko kukiongeza, maana ulikuwa hujui mizizi yake imefika wapi. Safari hii tuliliondoa lile faili moja, na duka likaendelea kuuza. Hapo ndipo nilipoamini kweli.

Ushuhuda unaotaja baraka tupu haumsaidii anayetaka kuanza, kwa hiyo nitaeleza na masharti yake. Nimeyajua kwa kusoma na kwa kutumia, na kila moja lina uzito dukani.

Sharti la kwanza ni kimya. Ukiita fanksheni isiyokuwepo, JavaScript italalamika papo hapo. Ukirusha tukio lenye jina lililokosewa herufi moja, hakuna atakayelalamika, kwa sababu kwa mujibu wa kanuni tukio lisilo na msikilizaji si kosa. Dawa yake ni kutoandika majina kwa mkono kila mahali. Tuna faili moja lenye majina yote ya matukio, na mbele ya kila jina kuna maelezo ya kilichomo ndani ya detail na nani anayelitangaza. Anayetaka kutangaza au kusikiliza analichukua jina kutoka pale. Faili hilo limekuwa ramani ya mfumo wetu. Mgeni akija, ndilo tunalomsomesha kwanza.

La pili ni wakati. Wengi hudhani kutangaza ni kutuma barua itakayosomwa baadaye. Sivyo. Ukiita dispatchEvent, wasikilizaji wote wanafanya kazi palepale, mmoja baada ya mwingine kwa utaratibu wa kujiandikisha kwao, kabla mstari unaofuata haujasomwa. Msikilizaji mmoja akipiga mahesabu marefu, keshia atauona ukurasa umeganda. Na kwa kuwa utaratibu unatokana na nani alijiandikisha mapema, ni hatari kuutegemea. Kama kazi ya pili haiwezi kufanyika kabla ya ya kwanza, hazipaswi kuwa wasikilizaji wawili wa tukio moja. Ya kwanza itangaze tukio lake ikimaliza, na ya pili ilisikilize hilo.

La tatu ni hitilafu. Kwenye kivinjari, msikilizaji mmoja akianguka, wengine wanaendelea, na aliyetangaza hapati habari yoyote. Hilo ni zuri pale SMS inaposhindwa kwenda, kwa sababu stoo itapungua kama kawaida. Ni baya pale stoo yenyewe inaposhindwa na keshia anaona kila kitu kiko sawa. Ndiyo maana kila msikilizaji wetu muhimu hukamata hitilafu yake mwenyewe na kutangaza tukio jingine la kushindwa, linalosikilizwa na kipande kinachomwonyesha keshia onyo. Upande wa seva mambo ni tofauti. Node.js ina EventEmitter yake, na huko msikilizaji akianguka, hitilafu inamrudia aliyetangaza na wasikilizaji waliobaki hawafikiwi. Tukio lenye jina error likirushwa bila msikilizaji, programu nzima husimama. Aliyezoea upande mmoja asidhani ameujua na wa pili.

La nne ni kujiondoa. Msikilizaji aliyejiandikisha hubaki hadi aondolewe, na removeEventListener inahitaji fanksheni ileile uliyoiandikisha. Fanksheni uliyoiandika papo hapo bila kuihifadhi kwa jina huwezi kuiondoa kwa njia hiyo. Dirisha dogo la malipo likifunguliwa na kufungwa mara nyingi kwa siku, na kila likifunguliwa linaandikisha fanksheni mpya, tukio moja litaitikiwa mara nyingi. Kuna njia mbili nyepesi: once: true kwa anayetaka kusikia mara moja tu, na signal ya AbortController kwa anayetaka kuwaondoa wasikilizaji wote wa dirisha kwa amri moja likifungwa. Node hujaribu kukustua: ikiona wasikilizaji zaidi ya 10 wa tukio moja kwenye kitu kimoja, hutoa onyo.

La tano ni mipaka. Tukio unalolirusha kwenye kipengele cha ukurasa halipandi kwenda kwa vipengele vinavyokizunguka isipokuwa umeandika bubbles: true. Wala halitoki nje ya ukurasa wake. Kompyuta ya ofisini kwa mama haisikii kilichotangazwa kwenye kompyuta ya kaunta. Hapo habari lazima ipitie seva. Hata kurasa mbili za kivinjari kimoja hazisikilizani kwa njia hii, zinahitaji njia nyingine kama BroadcastChannel.

Ndani ya masharti hayo niligundua namna ya kuyapa matukio majina ambayo imenifaa kuliko kanuni yoyote niliyoisoma vitabuni. Jambo lililokwisha kutokea nalipa -me-: mauzo:yamekamilika, mzigo:umeingia, deni:limelipwa. Hakuna anayeweza kulizuia, kwa sababu limeshapita. Msikilizaji anaweza kuitikia tu. Jambo linalokaribia kutokea nalipa -na-: mauzo:yanafungwa. Hilo nalirusha likiwa na cancelable: true, na msikilizaji ana haki ya kulikataa kwa preventDefault. Akilikataa, dispatchEvent inarudisha false na mauzo yanasimama. Kipande cha madeni ndicho kinachoitumia haki hiyo: fundi aliyevuka kikomo cha mkopo hafungiwi mauzo mapya hadi mama aidhinishe. Ila anayetaka kukataa akatae palepale. Akisema ngoja kwanza niulize seva, dispatchEvent imeshamaliza kazi yake na kukataa kwake hakuna nguvu tena. Kwa hiyo kikomo cha kila fundi tunakuwa nacho mkononi mara tu anapochaguliwa kwenye ukurasa.

Tena sikuacha kuamuru moja kwa moja. Risiti ya kodi ya mashine ya EFD mteja lazima aondoke nayo, na kama mashine imekataa, keshia anatakiwa ajue kabla hajamwambia mtu karibu tena. Hapo sitangazi. Naiita fanksheni ya risiti kwa jina, nasubiri jibu lake, na ikishindwa mauzo hayasongi. Kanuni yangu imekuwa hii: ninapohitaji jibu ili niendelee, naamuru, ninapokuwa na habari ambayo wengine wanaweza kuitumia wapendavyo, natangaza. Nimewaona waliogeuza kila kitu kuwa tukio, na kusoma programu zao ni kazi ya siku nzima, kwa sababu kila tangazo linakupeleka kumtafuta msikilizaji ambaye naye ametangaza jingine.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko kivinjari. Mwishoni mwa miaka ya 1970, pale Xerox PARC, Trygve Reenskaug alipofanya kazi na Smalltalk, ndipo ulipoanza ule mpango wa kutenganisha data na kinachoionyesha, ambao uliendelezwa hadi data ikawa inatoa taarifa kwamba imebadilika bila kujua inaonyeshwa wapi. Mwaka 1994 Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides waliliweka kwenye kitabu chao cha Design Patterns kwa jina la Observer. Nilikuwa nimelisoma chuoni na kulijibia mtihani. Kulijua kwa ajili ya mtihani hakukunibadilisha. Kulihitaji ndiko kulikonibadilisha.

Badiliko ambalo sikulitarajia kabisa liko nje ya kompyuta. Zamani nikienda kwa mteja mpya nilimuuliza anataka programu ifanye nini. Alinipa orodha ya amri, nami nikaziandika kama alivyozitaja, kisha akazibadilisha. Sasa naanza na swali jingine. Nilipomrudia mama mwenye duka kwa ajili ya awamu ya pili, baada ya shikamoo na marahaba nilimwomba anieleze ni mambo gani hutokea dukani kwake tangu anapofungua hadi anapofunga.

"Mambo gani, mwanangu? Mbona mengi," akasema, kisha akaanza kuyataja kwa vidole. Mzigo umeingia. Mzigo umeingia pungufu. Bei imepanda. Fundi amelipa nusu. Mteja amerudisha bati lililopinda. Keshia amefunga hesabu. Mfuko wa saruji umepasuka.

Niliandika kama alivyosema. Ile ya mfuko uliopasuka isingeingia kamwe kwenye orodha ya amri, maana hakuna mtu anayeomba programu ipasue mfuko. Lakini ni jambo linalotokea, na lilikuwa likimvurugia hesabu ya stoo kila mwezi. Leo lina jina lake kwenye faili letu la matukio, stoo inalisikiliza, na taarifa ya hasara inalisikiliza. Mama anaweza kulisoma faili lile akaelewa karibu kila mstari, kwa sababu yaliyomo ni maneno yake. Mabishano ya "mimi sikusema hivyo" yamepungua sana kati yetu.

Kama nawe una fanksheni ambayo wewe peke yako ndiye unayethubutu kuifungua, usiivunje yote kwa mara moja. Chagua jambo moja linalotokea ndani yake, lipe jina la kitu kilichokwisha kutimia, litangaze mwishoni, kisha hamishia nje kazi moja tu, ile ambayo ikikwama hakuna mteja atakayeumia. Kwangu ilikuwa jumla ya siku iliyo juu ya ukurasa. Iache ifanye kazi hadi uizoee, kisha hamisha ya pili. Liandike jina la tukio hilo mahali ambapo wenzako wote wanaliona, na kazi inayofuata mpe mtu mwingine. Akiimaliza bila kukuuliza lolote kuhusu faili lako, umeshavuka.